Jenereta ya Mama na hundi iliyorudi

Jumatatu ya tarehe 10 Julai 2023, saa nne asubuhi, nikiwa ndani ya basi dogo kwenye barabara ya Kasenga, ujumbe wa benki uliingia katika simu yangu ukinijulisha kwamba dola 2,400 zilizoonekana katika akaunti yangu Jumatano iliyotangulia zilikuwa zimeondolewa, pamoja na ada ya benki kwa kazi ya kunirudishia hundi. Jenereta iliyouzwa kwa fedha hizo ilikuwa imekwisha kutoka uani kwa Mama, Kamalondo, ikiwa juu ya lori, na mimi mwenyewe ndiye niliyewafungulia lango.

Karibu kila aliyekuja kutupa pole aliniuliza kwa nini sikungoja fedha ziingie kwanza. Nilingoja. Niliikataa hundi ile isichukue mahali pa fedha siku ya kwanza, nikaipeleka benki, nikasubiri mpaka nikaziona tarakimu kwa macho yangu, ndipo nikakitoa kitu cha Mama. Ninaandika kwa ajili ya watu wa namna yangu, wale wanaojihesabu kuwa waangalifu, kwa sababu mtego niliouingia uliwekwa mahali hasa ambapo mtu mwangalifu huacha kuangalia.

Mama aliuza samaki wa barafu, zaidi wale tunaowaita thomson, katika soko la Kenya, hapa mjini, kwa miaka kumi na sita. Mtu yeyote anayeishi Lubumbashi anajua maana ya kuwa na friza tatu zilizojaa samaki wakati umeme wa SNEL, shirika la umeme la nchi yetu, unapokatika jioni na kurudi kesho yake mchana, kwa hiyo mwaka 2015 alinunua jenereta ya dizeli ya kVA 15, kitu kizito ambacho kiliwahitaji vijana saba kukishusha. Miguu ilipomlazimisha kuacha soko, jenereta ilibaki uani chini ya turubai. Mwanzoni mwa 2023 daktari alimwambia kwamba ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na tukakubaliana katika familia kwamba jenereta iuzwe ili ilipie upasuaji. Kwa hiyo fedha zile hazikuwa zangu. Akaunti ilikuwa yangu kwa sababu Mama hana akaunti, na aibu niliyoibeba baadaye ilitoka hapo.

Nilipiga picha nne, nikaziweka katika makundi mawili ya WhatsApp ya kuuza na kununua na kwenye Facebook, Jumapili tarehe 25 Juni, kwa bei ya dola 2,600 yenye maelewano. Bwana mmoja alipiga simu Jumanne, akauliza maswali ya mtu anayeijua kazi, na akafika Alhamisi tarehe 29, saa kumi na nusu jioni. Alimsalimu Mama kwa heshima, akaisikiliza injini kwa dakika nyingi, akauliza oili ilibadilishwa lini, akapunguza bei mpaka 2,400, na tukapatana. Kisha akatoa hundi.

Ilikuwa hundi ya kampuni ndogo ya uchukuzi ambayo alisema ni ya kaka yake, yenye akaunti katika benki nyingine, si ile ninayoitumia mimi. Kiasi kilikuwa kimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, saini ipo, muhuri upo, na mahali pa jina la mlipwa palikuwa wazi. Akachukua kalamu akaliandika jina langu mbele yetu. Nilipositasita, aliniambia kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Yaya, usiogope, sheki njo falanga." Yaani: dada, usiogope, hundi ndiyo fedha yenyewe. Nilimjibu kwamba jenereta haitaondoka kabla benki haijalipa. Hakubisha hata kidogo, na kutobisha kwake ndiko kulikonituliza.

Leo ninaihesabu kalenda ile kwa namna nyingine. Kesho yake ilikuwa tarehe 30 Juni, Sikukuu ya Uhuru, na benki hazifunguliwi. Ikafuata Jumamosi, kisha Jumapili. Alikuja katika saa ambayo mlango wa benki ulikuwa umefungwa kwa siku za kazi zilizosalia za wiki ile, na kwa sababu hiyo swali la pekee ambalo lingemaliza jambo, yaani kwenda pamoja naye kwenye kaunta ya benki ya hundi ile na kuuliza kama akaunti ina fedha za kuilipa, halikuwezekana kuulizwa mpaka Jumatatu. Kama angekuja Jumanne saa tatu asubuhi ningemwomba tuongozane, na benki hiyo ingeweza kuilipa palepale, au kuithibitisha hundi kwa kukizuia kiasi hicho katika akaunti ya mwenyewe. Mnunuzi mwenye fedha hana sababu ya kukataa mwendo wa nusu saa.

Jumatatu tarehe 3 Julai niliiweka hundi katika akaunti yangu. Karani alinipa bordero, yaani stakabadhi ya benki, yenye muhuri, na chini yake, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno matatu ya Kifaransa: "sauf bonne fin". Niliyasoma, nikayaona kama maneno ya desturi tu ambayo benki huyachapisha katika kila karatasi. Maana yake ni kwamba benki yangu inakiandika kiasi hicho katika hesabu yangu kwa sharti kwamba benki ya mtoaji wa hundi itakubali kulipa, na isipolipa, kilichoandikwa kitafutwa bila kuniomba ruhusa. Hundi inayotoka benki moja kwenda nyingine hubidi ipite katika mabadilishano ya mabenki yanayosimamiwa na Benki Kuu ya Congo, na safari hiyo inachukua siku. Katika siku hizo zote kilichopo ni ahadi ya mtu usiyemjua, iliyoandikwa kwa tarakimu zinazofanana kabisa na tarakimu za fedha.

Jumatano nilifungua programu ya benki katika simu na kuona salio limeongezeka kwa dola 2,400. Muda mfupi baadaye bwana yule alipiga simu kuuliza kama fedha zimekwisha kuingia, nami nikamjibu kwa furaha kwamba ndiyo. Saa tisa mchana lori lilikuwa mlangoni.

Nilichokiona kilikuwa salio la vitabu, yaani jumla ya kila kilichoandikwa, pamoja na kile kilichoandikwa kwa sharti. Chini yake, katika ukurasa uleule wa simu, palikuwa na salio la pili, lile linaloweza kutumika, na hilo halikuwa limeongezeka hata dola moja. Masalio mawili yalikuwa yamesimama moja juu ya jingine, nami nikalisoma la juu. Nimeirudia picha hiyo kichwani mara nyingi, na bado inaniumiza, kwa sababu jibu lilikuwa mkononi mwangu wakati nilipokuwa nikilitafuta. Wala nisingependa msomaji aondoke akiamini kwamba salio la pili linatosha kumlinda: benki inaweza kumruhusu mteja wake wa siku nyingi kutumia fedha za hundi kabla hazijafika, na hundi ikirudi, deni ni la mteja. Neno la kumwuliza karani kabla ya kutoa kitu ni moja, na linapaswa kuulizwa kwa maneno haya haya: je, benki ya mtoaji wa hundi imekwisha kulipa, na malipo hayo hayawezi tena kurudishwa? Ikiwa jibu ni "bado", jenereta inalala uani.

Pengo hilo la siku chache ndilo linalolisha pia udanganyifu mwingine ambao jirani yetu wa Bel-Air aliniambia kwamba ulimkaribia, nao unajulikana mbali zaidi ya hapa. Hata Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani imekuwa ikiwaonya watu wake juu yake kwa miaka mingi. Mnunuzi asiyeonekana anatuma hundi iliyozidi bei, anadai kwamba mhasibu alikosea, kisha anakuomba umrudishie ziada kwa simu, au umlipe msafirishaji wake. Fedha za simu hufika kwa sekunde chache na haziombi sharti lolote, hali hundi bandia inahitaji siku, pengine majuma, ili igundulike. Muuzaji anapoteza fedha zake halisi, na mara nyingi na kitu chenyewe. Mtu yeyote anayelipa zaidi ya bei kwa hundi na kudai chenji arudishiwe hundi yake hapohapo.

Narudi kwenye Jumatatu ile. Nilishuka kwenye basi nikaenda benki, na karani, mwanamke mwenye subira, alinirudishia hundi yenyewe pamoja na karatasi inayotaja sababu ya kukataliwa: fedha zilizomo katika akaunti hazitoshi. Nilikuwa nalia, nikataka kuondoka na hundi tu. Ni yeye aliyeniambia, "Mama, usiiache karatasi hii, hii ndiyo itakayokusaidia," akahakikisha kwamba ina tarehe na muhuri. Sikuelewa uzito wa maneno yake mpaka nilipokaa mbele ya wakili. Sababu iliyoandikwa pale ndiyo inayoonyesha njia ya kufuata. Akaunti isiyo na fedha za kutosha ni jambo moja. Akaunti iliyofungwa kabla hundi haijaandikwa ni jambo zito zaidi, kwa kuwa ni vigumu mtu kudai kwamba alisahau. Saini isiyolingana inaashiria kwamba huenda kitabu cha hundi kiliibwa na mwenye akaunti ni mhanga kama wewe. Na zuio lililowekwa na mwenye akaunti linataka maelezo yake kabla hujamshtaki mtu yeyote.

Mnunuzi alipokea simu yangu mara ya kwanza nilipopiga, jambo ambalo sikulitegemea. Alisema ni kosa la benki, akanisihi nimletee hundi ile jioni hiyo ili anibadilishie nyingine nzuri. Nilikuwa tayari kwenda, na binamu yangu alikwisha kukubali kunisindikiza. Mama, ambaye kwa macho yake yale hakuweza hata kuisoma karatasi aliyokuwa ameishika, ndiye aliyetuzuia. Alisema: "Mwanangu, alichukua mashine kwa karatasi hii. Ukimpelekea na karatasi, sisi tunabaki na nini?" Tukabaki nyumbani. Hundi ya asili haimrudii mtu kabla hajalipa, na hata picha yake haitoshi, kwa sababu mbele ya hakimu ni ile ya asili inayozungumza.

Usiku huohuo binamu alikuja na wazo lingine. Anamfahamu afisa mmoja wa polisi, na angeweza kumfanya bwana yule akamatwe na kulala ndani mpaka ndugu zake walete fedha. Sitadanganya kwamba wazo hilo halikunivutia, maana nilikuwa na hasira na nilitaka mtu fulani aogope kama mimi nilivyoogopa. Siku iliyofuata wakili alinieleza kwa upole kwa nini njia hiyo ni mbaya. Deni la kawaida si kosa la jinai, na polisi hawakuwekwa kuwa wakusanyaji wa madeni. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 18, inasema kwamba mtu hawezi kuzuiwa na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kufikishwa mbele ya mamlaka ya sheria. Saa hizo zikiisha anatoka, deni lake liko palepale, na safari hii yeye ndiye mwenye malalamiko dhidi yangu.

Wakili alinizuia pia nisiweke picha ya mnunuzi na nakala ya kitambulisho chake katika makundi yale ya WhatsApp pamoja na neno "mwizi". Alinikumbusha ibara ya 74 ya Kitabu cha Pili cha Kanuni ya Adhabu, inayomwadhibu anayemtupia mwenzake hadharani tuhuma za kumharibia heshima, na Kanuni ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo wakati ule ilikuwa na miezi minne tu na ambayo inashughulikia makosa yanayotendwa mtandaoni. Nilichoandika katika makundi ni jinsi udanganyifu ulivyofanyika, hatua kwa hatua, bila jina wala picha. Watu wawili waliniandikia faraghani kwamba walikuwa wakisubiri hundi.

Sehemu iliyobaki inahusu karatasi, na ningependa kuieleza polepole kwa sababu ndiyo iliyotuokoa kwa kiasi tulichookolewa.

Nilimpelekea wakili karatasi tatu: hundi, karatasi ya kukataliwa kwake, na hati ya mauzo. Ile ya tatu ilikuwapo kwa sababu ya mdogo wangu, ambaye siku ya lori alikataa kata kata jenereta isipakiwe kabla mnunuzi hajaandika na kusaini kwamba amenunua jenereta yenye namba fulani ya kiwandani, kwa dola 2,400, na kwamba anailipa kwa hundi namba fulani, huku akiacha nakala ya kadi yake mpya ya mpiga kura ya uandikishaji wa 2023. Wakati ule niliona anamkera mgeni bure. Wakili aliisoma hati hiyo mara mbili, kisha akaniambia kwamba bila hiyo tungekuwa na mlango mmoja, na sasa tunayo miwili.

Ni hivi. Jina la mnunuzi halimo popote katika hundi ile. Aliyeisaini ni mwenye kampuni. Anayelipwa ni mimi. Mnunuzi aliileta tu mkononi kama mtu anayeleta barua. Angeweza kusema, na kwa kweli alisema baadaye, kwamba hundi si yake, nimtafute aliyesaini. Lakini hati ya mauzo inamfanya yeye kuwa mdaiwa wa bei, na kumpa muuzaji hundi hakufuti deni: deni linaisha hundi inapolipwa, si inapopokelewa. Huo ndio mlango wa kwanza. Mlango wa pili ni hundi yenyewe, ambayo inamfunga aliyeitia saini, awe ananifahamu au hanifahamu. Wakili aliongeza jambo ambalo sikuwahi kulisikia: kama ningemtaka mnunuzi atie saini yake juu ya hundi kama mdhamini, kile ambacho wanasheria wanakiita "aval", basi hata katika mlango wa pili angekuwa amesimama pamoja na mtoaji. Mtu akikuletea hundi ya "kaka yake", mwombe aidhamini kwa saini. Akikataa, amekwisha kukujibu.

Aliniuliza pia niliiweka hundi lini, na alipoona kwamba iliandikwa tarehe 29 Juni na kuwekwa tarehe 3 Julai, alifurahi. Mkataba wa Geneva wa tarehe 19 Machi 1931, ulioweka sheria moja ya hundi kwa nchi zilizoukubali, unataja siku nane za kuiwasilisha hundi inayolipwa katika nchi ileile ilikoandikwa, na anayeichelewesha anaweza kupoteza baadhi ya haki zake. Sheria hiyohiyo inasema kwamba hundi hulipwa inapoonyeshwa, hata kama tarehe iliyoandikwa juu yake haijafika. Hapa mjini watu wengi hupokea hundi yenye tarehe ya mwezi ujao na kuiweka kabatini kama rehani, wakiamini kwamba wamelipwa. Kwa kweli wamemkopesha mtu, na wote wawili wanajua kwamba siku ile akaunti haina kitu, jambo ambalo baadaye linafanya iwe vigumu kudai kwamba ulidanganywa.

Kutoa hundi isiyo na fedha ni kosa katika nchi yetu, na zaidi ya hapo kuna kosa la utapeli katika ibara ya 98 ya Kitabu cha Pili cha Kanuni ya Adhabu, ambalo linataka kuonyesha kwamba mtu alitumia hila ili akabidhiwe mali ya mwingine. Wakili aliandaa malalamiko kwa ajili ya parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, akayaweka ndani ya faili, na kunishauri tuanze na barua ya onyo yenye siku nane. Maelezo yake yalikuwa kwamba mtu aliye gerezani halipi jenereta, lakini mtu anayejua kwamba karatasi imekwisha andikwa na inasubiri saini tu, huyo hutafuta fedha.

Njia ya mahakama ya biashara tuliiacha kama akiba, na ningependa ijulikane zaidi kuliko inavyojulikana. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 nchi yetu imo katika OHADA, umoja wa sheria za biashara wa nchi kadhaa za Afrika, na sheria ya umoja huo inayohusu ukusanyaji wa madeni, ya tarehe 10 Aprili 1998 na iliyorekebishwa tarehe 17 Oktoba 2023, inayo njia fupi ya kuomba amri ya kulipa. Ibara yake ya pili inaitaja waziwazi hundi ambayo fedha zake hazikuwapo au hazikutosha. Mdai anapeleka ombi na karatasi zake. Hakimu akiona kwamba deni ni la hakika, kiasi chake kinajulikana na muda wake wa kulipwa umefika, anatoa amri bila kuanza kwa kuwaita wote wawili, na mdaiwa akipelekewa amri hiyo anayo haki ya kuipinga ndani ya muda uliowekwa. Karibu kila kinachotakiwa katika ombi hilo ni karatasi zile tatu. Hata hivyo ina gharama zake, na kwa deni la dola mia moja nisingemshauri mtu aianze.

Barua ya onyo ilifika kwa wote wawili tarehe 14 Julai. Wa kwanza kupiga simu alikuwa mwenye kampuni, na sauti yake ilitetemeka. Alidai kwamba aliiacha hundi yenye saini, bila jina la mlipwa, kwa bwana yule ili anunuliwe dizeli, na kwamba hakujua habari za jenereta. Inawezekana ni kweli. Kama ni kweli, basi na yeye ana lake la kujifunza kuhusu kusaini hundi yenye nafasi wazi, lakini hilo halikumtoa katika deni, na wakili alimweleza hivyo bila kumpandishia sauti.

Tarehe 21 Julai walikuja wote wawili katika ofisi ya wakili. Walisaini hati ya kukiri deni la dola 2,400, kila mmoja akiwajibika kwa kiasi chote, nao walilipa 900 siku hiyohiyo. Sikuzipokea mezani. Tuliongozana mpaka kaunta ya benki yangu, wakaziweka wao wenyewe, karani akazihesabu na kuzipitisha kwenye mashine, nami nikapewa bordero ya fedha taslimu, ambayo haina yale maneno matatu. Zilizobaki 1,500 zilipangwa kulipwa kwa awamu tano za 300, kila mwisho wa mwezi kuanzia Agosti. Kila malipo yameandikiwa risiti inayosema ni malipo ya sehemu na kutaja kinachobaki, kwa sababu wakili alinionya kwamba risiti isiyotaja kinachobaki inaweza siku moja kusomwa kama ya kumaliza.

Agosti na Septemba walilipa kamili. Oktoba walileta 150, Novemba hawakuleta kitu na simu zikaanza kulia bila majibu. Mwanzoni mwa Desemba wakili alipeleka ombi la amri ya kulipa, na mara tu habari ilipowafikia, 450 zililetwa benki kabla ya Noeli. Jenereta yenyewe, kwa tulivyosikia, iliuzwa Kolwezi mwezi uleule wa Julai. Sikujaribu kuitafuta, maana aliyeinunua huko huenda aliinunua kwa fedha halali na kwa nia njema.

Friza tatu za Mama tumeziuza mwezi wa Novemba, kwa njia ileile ya picha mtandaoni. Mnunuzi alikuwa mama mmoja wa Katuba, nami nilimweleza tangu simu ya kwanza kwamba tutakutana ndani ya benki, siku ya kazi, asubuhi. Hakukasirika. Alisema na yeye aliwahi kupokea noti bandia, akapenda zihesabiwe na mashine ya benki. Saa tano friza zilikuwa zinapakiwa.

Jicho la kulia la Mama lilifanyiwa upasuaji mwishoni mwa Agosti, kwa zile 900 na awamu ya kwanza. Sasa anasoma Biblia yake bila kuomba msaada, akiwa amelifunika la kushoto kwa kiganja. La kushoto linasubiri dola 300 zilizobaki. Wiki iliyopita bwana yule alinipigia tena, akiniita yaya kwa sauti ileile ya siku ya kwanza, akiomba nimrudishie hundi sasa kwa kuwa kilichobaki ni kidogo. Nilimjibu kwamba hundi iko ndani ya bahasha, katika kabati la Mama, na kwamba nitaichukua nije nayo kwenye kaunta ya benki siku atakayokuja na dola 300.